Je, Wajua? Mstari Mmoja Ukibadilika, Saa Nzima ya Kungoja

Fundi cherehani akiletewa koti libadilishwe kifungo, hukata uzi, hushona kifungo kipya, akamaliza. Sasa mfikirie fundi ambaye kwa ajili ya kifungo kile kimoja analazimika kufumua koti zima, kukata kitambaa upya na kushona kuanzia kola hadi pindo. Ndiyo hali inayowakuta waandishi wa programu kubwa za kompyuta. Wanabadilisha mstari mmoja, kisha wanakaa kuingoja mashine ijenge programu nzima upya: dakika kumi, nusu saa, saa nzima, na zamani hata kutwa.

Sababu ni hii. Programu huandikwa kwa maneno ambayo binadamu anaweza kuyasoma, lakini prosesa ya kompyuta haielewi ila namba. Katikati yao husimama mkalimani, programu iitwayo kompaila, ambayo husoma faili moja moja za msimbo na kuzigeuza kuwa namba hizo. Baada yake huja linka, inayovishona vipande vyote pamoja viwe kitu kimoja kinachoweza kuwashwa. Programu ndogo hupita njia hiyo kwa kufumba na kufumbua. Kivinjari cha intaneti au mfumo wa uendeshaji, wenye makumi ya maelfu ya faili, ni habari nyingine kabisa.

Mimi niliingia katika utafutaji wa habari hizi kwa sababu ya giza. Nilikuwa najenga mradi mkubwa kwenye laptopu kuukuu ambayo betri yake haikushika chaji tena, na umeme ukakatika kazi ikikaribia mwisho. Nililala nikijua kesho naanza upya. Asubuhi umeme uliporudi, nilitoa amri ileile, na kompyuta ikaendelea karibu na pale ilipoachia. Faili zilizokuwa tayari haikuzigusa. Nikataka kumjua wa kumshukuru.

Je, wajua kwamba wa kushukuriwa ni Stuart Feldman, na kwamba dawa yake ilizaliwa na asubuhi moja ya hasira? Ilikuwa mwaka 1976, katika maabara za Bell nchini Marekani. Mwenzake, Steve Johnson, ambaye tayari alikuwa na jina kwa kutunga programu ya Yacc, aliingia ofisini kwa Feldman akilalamika. Alikuwa amepoteza asubuhi nzima akilisaka kosa ndani ya programu yake, kumbe kosa lenyewe alikwisha kulirekebisha. Alichosahau ni kuipitisha faili ile kwenye kompaila, kwa hiyo kila alipoijaribu programu, alikuwa anaijaribu ya zamani. Feldman alimwelewa mara moja, maana jioni iliyotangulia naye alikuwa amehangaika na jambo la namna hiyo hiyo. Mwisho wa wiki hiyo akakaa akaandika programu iitwayo Make.

Kanuni ya Make ni nyepesi mno hata mtu anashangaa kwa nini haikuwepo kabla. Unaiandikia orodha: kitu hiki kimetokana na vile. Nayo hutazama tarehe na saa ya kila faili. Ikiwa malighafi ni mpya kuliko bidhaa, bidhaa hutengenezwa upya; ikiwa bidhaa ndiyo mpya zaidi, huachwa ilivyo. Basi. Kwa wazo hilo moja, mamilioni ya watu wameokoa saa zisizohesabika tangu wakati ule, na mwaka 2003 chama cha kimataifa cha wanakompyuta, ACM, kilimtunuku Feldman tuzo yake ya mifumo ya programu.

Je, wajua kwamba kosa dogo la wiki zile za kwanza liko nasi mpaka leo? Katika orodha za Make, mstari wa amri sharti uanze kwa kitufe cha Tab. Ukiweka nafasi za kawaida, ambazo machoni zinafanana kabisa na Tab, Make inakataa kazi. Feldman aliona mapema kwamba mpango huo una kasoro. Lakini wakati huo alikwisha kupata watumiaji wapatao dazeni moja, naye hakutaka kuwaharibia. Watu dazeni moja! Kwa kuwahurumia hao, wanafunzi wa vyuo vya dunia nzima wamekuwa wakijikwaa kwenye Tab hiyo kwa karibu miaka 50.

Kuna kasoro ya pili ambayo sisi tunaotumia kompyuta za mtumba tunaijua zaidi kuliko watu wa maabara za Bell. Kwa kuwa Make inaamini saa, saa ikidanganya, nayo hudanganyika. Kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi miaka mingi nyuma kila inapozimwa. Ukiiwasha na kuhariri faili, faili hiyo inaonekana ni ya kale kuliko bidhaa ya juzi, na Make inaipita bila kuigusa. Toleo la Make la mradi wa GNU likikuta faili yenye tarehe ya siku ambayo bado haijafika, hutoa onyo kwamba huenda saa haiko sawa na kazi haikukamilika. Ukiliona onyo hilo, acha msimbo, karekebishe saa kwanza.

Je, wajua jinsi walivyongoja waliotutangulia? Katika miaka ya 1950 na 1960, mara nyingi mwandishi wa programu hakuigusa kompyuta. Aliandika msimbo kwenye karatasi, ukatobolewa kwenye kadi zenye safu 80 kila moja, akaupeleka mrundo wa kadi dirishani kwa waendeshaji wa mashine, akarudi zake. Majibu yalitoka baada ya saa kadhaa, mara nyingi siku ya pili. Koma moja iliyosahaulika iligharimu siku nzima. Ndiyo maana watu wale walijifunza kuusoma msimbo mezani kwa penseli, mstari kwa mstari, wakijifanya wao ndio mashine, kabla ya kuutuma. Ni mbinu ya kukabiliana na kungoja ambayo haihitaji kifaa chochote, na naamini inastahili kurudi madarasani.

Waliongoja zaidi ya wote ni waliopeleka watu mwezini. Kompyuta ya chombo cha Apollo ilikuwa na maneno 36,864 ya kumbukumbu ya kudumu, na kumbukumbu hiyo ilifumwa kwa mikono. Kweli, ilifumwa. Katika kiwanda cha Raytheon mjini Waltham, jimbo la Massachusetts, wanawake mafundi walipitisha nyaya nyembamba katika pete ndogo za sumaku: waya ukipita ndani ya pete ni 1, ukipita nje ni 0. Baadhi yao walikuwa wamefanya kazi katika viwanda vya nguo na vya saa, kwa hiyo mikono yao ilikuwa imezoea kazi ya makini. Kufuma kulichukua wiki kadhaa. Kwa hiyo timu ya Margaret Hamilton, iliyoandika programu za safari hizo katika taasisi ya MIT, ililazimika kuufunga msimbo muda mrefu kabla ya roketi kuruka. Kosa likigunduliwa baada ya hapo, kulirekebisha kulikuwa ni kazi ya kufumua. Mfano wangu wa fundi cherehani, kwao haukuwa mfano.

Baada ya hayo mtu angedhani kwamba mashine zilivyozidi kuwa na nguvu, kungoja kulipungua. Je, wajua kwamba mara nyingi kulizidi? Windows NT ya kwanza, iliyotoka mwaka 1993, ilikuwa na mistari ya msimbo ipatayo milioni 6, na kuijenga yote kulichukua saa 5. Windows 2000 ilikuwa na mistari zaidi ya milioni 29. Ilijengwa kwa kompyuta zenye nguvu mara nyingi zaidi ya zile za mwanzo, na ilichukua saa 8. Nguvu yote iliyoongezeka ililiwa na programu yenyewe, na bado ikadai nyongeza. Katika miradi mikubwa ya namna hiyo ndimo ulimoshika mizizi utaratibu wa ujenzi wa kila siku: watu huleta mabadiliko yao mchana, mashine hujenga, na mtu aliyeleta msimbo wenye kasoro huwakwamisha mamia ya wenzake.

Sasa tufike kwenye kiini cha tatizo, ambacho ni kizuri kukijua hata kama hutaandika programu maishani. Katika lugha za C na C++, ambazo ndizo zilizojenga mifumo mingi mikubwa tunayoitumia, kila faili huanza kwa kuagiza faili nyingine ziitwazo heda. Heda hutangaza ni vitu gani vilivyopo mahali pengine katika mradi. Kompaila ikikuta agizo hilo, hulinakili andiko lote la heda na kulibandika pale, na heda hiyo nayo huagiza nyingine, na nyingine. Ni sawa na mwalimu anayesoma kanuni zote za shule upya kila anapoita jina la mwanafunzi mmoja. Programu ya mistari mitano ya C++ inayoandika neno "Habari" kwenye skrini, ikishabandikiwa heda zake, inaweza kufikia makumi ya maelfu ya mistari. Kompaila huisoma yote.

Je, wajua kwamba mtindo huo uliwahi kugeuza megabaiti 4 kuwa gigabaiti 8? Habari hii aliieleza Rob Pike wa kampuni ya Google mwaka 2012. Mwaka 2007 wahandisi wa kampuni hiyo walipima ujenzi wa programu yao moja kubwa ya C++. Ilikuwa na faili zipatazo 2,000, ambazo ukizipanga mfululizo zilikuwa na ukubwa wa megabaiti 4.2 tu, kiasi kinachoingia kwenye simu ya zamani. Heda zote ziliposhabandikwa, kilichofika mdomoni mwa kompaila kilizidi gigabaiti 8. Kwa kila baiti moja iliyoandikwa na binadamu, mashine ilisoma zipatazo 2,000. Kujenga programu hiyo kulichukua dakika 45, ingawa kazi iligawanywa kwa kompyuta nyingi zinazofanya kazi pamoja.

Katika kungoja kwa namna hiyo, mwezi Septemba 2007, Pike, Robert Griesemer na Ken Thompson walianza kuchora lugha mpya ubaoni. Thompson si mtu wa kupita tu. Ndiye aliyeanzisha mfumo wa Unix. Lugha yao ikaitwa Go, na ilitangazwa hadharani Novemba 2009. Wameiwekea sheria kali ambazo mgeni huziona kama ukorofi. Ukiagiza kifurushi, yaani fungu la msimbo, ambacho hukitumii, kompaila haikuonyi, inakataa kazi kabisa. Kifurushi cha kwanza kikikitegemea cha pili, cha pili hakina ruhusa ya kukitegemea cha kwanza, hata kwa kupitia mlango wa uani. Na kompaila haisomi tena ukoo mzima wa vifurushi. Muhtasari wa kile kilichoagizwa moja kwa moja unatosha. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo zawadi kubwa ya Go. Watu hao walikubali kwamba muda wa kungoja ni sehemu ya lugha, kama ilivyo sarufi yake, wakaanza kuusanifu tangu siku ya kwanza.

Lakini wengi hawana nafasi ya kuanza lugha mpya. Wanarithi koti lililokwisha kushonwa. Hapo ndipo kisa cha Ingo Molnar kinaponigusa.

Molnar ni mmoja wa mafundi wa muda mrefu wa kerneli ya Linux, ile sehemu ya ndani kabisa inayoendesha simu za Android na seva nyingi za dunia. Mradi huo umekua kwa zaidi ya miaka 30 na una heda zaidi ya 10,000, zilizosukana kama mizizi ya mikoko. Mwishoni mwa mwaka 2020 aliamua kuzifumua ili ujenzi uwe wa haraka. Alikadiria kwamba mabadiliko 50 hadi 100 yangetosha, na kwamba yangepunguza muda kwa takriban asilimia 20. Alianza, akakwama, akaanza tena. Kufikia katikati ya 2021 alikuwa na mabadiliko zaidi ya 500, na faida aliyoipata ilikuwa asilimia 4 tu. Mtu mwingine angeyaweka kazini hayo 500 kwa kuona uchungu wa jasho lake. Yeye aliyatupa yote, akaanza mara ya tatu kwa njia nyingine. Tarehe 2 Januari 2022 alitangaza matokeo: mabadiliko zaidi ya 2,200, yaliyogusa zaidi ya nusu ya faili za mradi, na kasi ya ujenzi iliyoongezeka kwa asilimia 50 hadi 80, ikitegemea aina ya ujenzi.

Tazama alichokuwa anafanya muda wote huo. Hakuongeza kitu kipya chochote ambacho mtumiaji wa simu angekiona. Alikuwa anauliza swali moja mara maelfu: faili hii inaihitaji ile kweli, au imeiagiza kwa mazoea? Wapo wanaoona kazi ya namna hiyo kuwa ya kufagia uwanja. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi za heshima kubwa katika fani hii, kwa sababu kazi ya namna hiyo humpunguzia kila fundi anayebadilisha mstari mmoja sehemu ya kungoja kwake.

Je, wajua kwamba hata ukinunua kompyuta mia, huwezi kuondoa kungoja kote? Gene Amdahl, msanifu wa kompyuta, alilieleza hilo mwaka 1967, na kanuni yake inaitwa kwa jina lake. Yeyote aliyewahi kupika kwenye harusi anaijua bila kusoma kitabu. Akina mama ishirini wakija, mchele utachambuliwa upesi, vitunguu vitamenywa upesi, viazi vitakatwa upesi. Lakini sufuria ya pilau ikishawekwa motoni, wingi wa watu hausaidii tena. Wali utaiva kwa muda wake. Katika ujenzi wa programu, kukompaili faili ni kumenya vitunguu: prosesa yenye kori nane, yaani sehemu nane zinazofanya kazi sambamba, hufanya faili nane kwa pamoja. Kuunganisha ndiyo sufuria. Ikiwa sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, basi hata ungekuwa na mashine zisizo na idadi, hutapata kasi zaidi ya mara kumi.

Ndiyo maana Rui Ueyama aliivamia sufuria yenyewe. Alikwisha kuandika linka iitwayo lld, iliyosifiwa kwa kasi, halafu akaamua kwamba haitoshi, akaandika nyingine iitwayo mold, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2021. Aliichambua kazi ya kuunganisha mpaka akapata namna ya kuigawa kwa kori zote. Katika vipimo vyake mwenyewe, kivinjari cha Chrome chenye karibu gigabaiti 2 kiliunganishwa kwa sekunde 2 na kidogo. Linka ya zamani iitwayo gold ilichukua zaidi ya sekunde 50 kwa kazi ileile. Na gold nayo, ilipotoka, ilikuwa ndiyo ya mbio!

Chrome imezaa pia kisa kingine. Mradi huo ulipofikisha faili zaidi ya 30,000, mpango wake wa kutumia Make ulikuwa ukichukua sekunde 10 kabla ya kufanya lolote, yaani sekunde 10 za kuamua tu ni kipi cha kujenga. Mhandisi Evan Martin alichoka. Akaandika Ninja, ambayo kazi yake ni hiyo moja tu na haijui nyingine, ikamaliza kuamua kwa chini ya sekunde moja.

Je, wajua kwamba unaweza kumzuia mkalimani asitafsiri maneno aliyokwisha kuyatafsiri? Make huangalia tarehe. Lakini faili inaweza kuwa na tarehe mpya huku maneno yake hayakubadilika. Mwaka 2002 Andrew Tridgell wa Australia, ambaye pia ni baba wa programu za Samba na rsync, alitoa ccache. Hiyo huangalia maandishi yenyewe. Huyachukulia alama, mfano wa alama ya kidole, pamoja na masharti yote aliyopewa kompaila, kisha huitafuta alama hiyo kwenye ghala lake. Ikiipata, hutoa bidhaa ya siku ile bila kumwita kompaila. Ukifuta mradi wako na kuujenga upya, mara ya pili hupita kama upepo. Mwaka huohuo Mwaustralia mwingine, Martin Pool, alitoa distcc, ambayo huzigawa faili kwa kompyuta za jirani kwenye mtandao mmoja wa ofisi, nazo zikarudisha vipande vilivyokamilika. Hiyo ni ujima mtupu: leo tunalima shamba la huyu, kesho la yule. Maabara ya chuo yenye kompyuta ishirini zinazolala usiku ina mtambo wa ujenzi ambao haijui kuwa inao.

Kampuni kubwa zimeyaunganisha mawazo hayo mawili. Hazina ya msimbo ya Google mwezi Januari 2015 ilikuwa na mistari ipatayo bilioni 2 katika terabaiti 86. Mtu mmoja hawezi kuijenga hiyo mezani kwake. Kwa hiyo ghala la vipande vilivyokamilika huwa la wote: kitu alichokijenga mwenzako asubuhi, wewe mchana unakichukua kikiwa tayari. Chombo chao cha ndani kinaitwa Blaze. Walipotoa sehemu yake kwa umma mwaka 2015 walizipangua herufi za jina, ikawa Bazel.

Je, wajua kwamba Kiswahili kina nafasi yake katika orodha ya programu zenye sifa mbaya ya kungoja? OpenOffice, seti ya programu za ofisi isiyolipiwa, ilijulikana kwa ujenzi wa saa nyingi. Katika Gentoo, aina ya Linux ambayo mtumiaji hujijengea kila kitu mwenyewe, na ambayo imepewa jina la pengwini aogeleaye kwa kasi kuliko wenzake wote, waandalizi waliamua kuweka pia OpenOffice iliyokwisha kujengwa, kwa wale wasio na usiku mzima wa kungoja. Basi programu hiyohiyo ndiyo iliyofasiriwa na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2004 ikatoka kwa jina la Jambo OpenOffice. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuandika barua kwenye seti kamili ya ofisi ambayo menyu zake zote zinasema naye Kiswahili.

Upande wa pili kabisa iko Turbo Pascal, kifaa cha kuandikia programu kwa lugha ya Pascal. Mwaka 1983 kampuni ya Borland iliiuza kwa dola 49.95, wakati kompaila nyingi ziligharimu mamia ya dola. Kompaila yake iliandikwa na kijana wa Denmark, Anders Hejlsberg. Kihariri na kompaila vilikaa pamoja ndani ya kilobaiti zisizofika 40, ndogo kuliko picha moja ya WhatsApp. Kila kitu kilifanyika ndani ya kumbukumbu bila kurudi diski kila hatua. Unaandika, unabonyeza, inaenda. Kizazi kizima kilijifunza kwamba kungoja si sharti la kazi hii.

Na kwa nini sekunde hizi zihesabiwe kwa uchungu hivyo? Kwa sababu kinachopotea kinazidi muda wenyewe. Mwaka 1968 Robert Miller wa IBM alieleza kwamba mtu anayezungumza na kompyuta hushika mawazo kichwani kama mtu aliyebeba maji viganjani. Jibu likichelewa zaidi ya sekunde chache, yanavuja. Mfano wa viganja ni wangu, hoja ni yake. Mwaka 1982 wenzake wawili wa kampuni hiyohiyo, Walter Doherty na Ahrvind Thadani, waliandika kwamba kompyuta inapojibu chini ya sekunde moja, kazi ya mtu huongezeka kupita hata muda uliookolewa, kwa kuwa fikra zake hazikukatika. Ujenzi wa dakika tatu ni mbaya kwa namna yake: ni mrefu wa kutosha kumfanya mtu afungue simu, na akishafungua simu, dakika tatu huwa ishirini.

Watu wamebuni njia zao za kuishi na kungoja huko. Wapo wanaopanga mabadiliko mengi kabla ya kujenga mara moja. Wapo wanaojenga sehemu ndogo tu wanayoifanyia kazi, na kuliachia jengo zima seva ya usiku. Mradi wa kivinjari cha Firefox tangu mwaka 2013 umekuwa ukigandisha faili kadhaa kuwa moja ili heda zisomwe mara moja kwa zote. Gharama yake ni kwamba ukigusa faili moja, nyingine za fungu hilo nazo hurudiwa. Na John Lakos, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu miradi mikubwa ya C++, alifundisha mafundi wachore ramani ya faili ipi inaitegemea ipi, waipange kwa ngazi kutoka chini kwenda juu, na wasiruhusu mduara wowote. Ramani hiyo huchorwa kwa karatasi na kalamu, na ninawaomba wanaoanzisha miradi leo Nairobi, Kampala au Mwanza waichore mapema, mradi ungali na faili hamsini.

Na wewe ambaye mradi wako umekwisha kuwa mkubwa, unayetafuta fedha za kompyuta mpya: pima kwanza. Tazama dakika zako zinaishia kwenye faili zipi. Angalia kama umeiruhusu Make kutumia kori zote, maana isipoamriwa hufanya faili moja kwa wakati, hata kwenye mashine ya kori nane. Weka ccache, ujenge mara mbili, ulinganishe saa. Haiuzwi, na inafanya kazi hata kwenye laptopu kuukuu isiyoshika chaji.